Dvůr Králové nad Labem: maswali mnayoniuliza kila mara kuhusu mji mdogo wa faru

Kila nikiposti picha za huu mji inboksi inajaa, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa yote ili mtu akiuliza nimtumie linki tu. Mimi naishi Hradec Králové, mji mkubwa wa jirani, na Dvůr Králové naenda mara kwa mara, peke yangu au na wageni kutoka nyumbani. Nimeandika marefu pale ninapoona watu wanakosa habari, pengine nimepita haraka.

Huo mji uko wapi hasa?

Kaskazini mashariki mwa Ucheki, kama kilomita 130 kutoka Praha, uko kando ya mto Labe, ule ambao Wajerumani wanauita Elbe na unaendelea mpaka Hamburg. Ukipanda juu zaidi unaingia milima ya Krkonoše ambako mto wenyewe unaanzia, alafu ng'ambo ya milima ni Poland. Wakazi ni kama elfu 15 hivi, yaani mji wa kutembea kwa miguu, ukimaliza kahawa yako umeshaona nusu ya mji kati.

Jina refu hivyo maana yake nini, na linatamkwaje?

Ni makazi ya malkia kando ya Labe. Tamka "Dvuur Kraalove", wenyeji wengi wanasema "Dvuur" tu inatosha, hilo "nad Labem" wanaachia vibao vya barabarani. Kwenye ramani za zamani za Kijerumani utakuta umeandikwa Königinhof, ni mji huo huo.

Malkia gani sasa?

Malkia wote wa Bohemia, mmoja baada ya mwingine. Mji unatajwa kwenye maandishi mwaka 1270, na kwenye karne ya 14, enzi za mfalme Karel IV, ukaingia kwenye kundi la miji ambayo kodi yake ilikuwa inaenda kwa malkia, ili mumewe akifariki asibaki kuombaomba kwa shemeji zake. Miji ya aina hiyo ilikuja kufika tisa, na Hradec Králové ninakoishi mimi ndo ulikuwa mkubwa wao, Dvůr Králové ukawa mmoja wa wadogo. Mimi huo utaratibu naupenda kwa kweli, mjane wa mfalme anakuwa na mji mzima kwa jina lake, tena kwa sheria.

Sisi tunajua ni zoo tu, kwani kuna historia nyingine?

Hili ndo swali linaloniuma, maana watu wanashuka kwenye basi, wanaingia safari, wanapiga selfi na twiga, wanapanda basi wanarudi Praha, mji wenyewe hawajaukanyaga.

Ndugu zangu, huu mji umepitia mengi. Vita vya Wahussite, wafuasi wa mhubiri wa Kicheki Jan Hus, karne ya 15 viliufikia. Tarehe 29 Juni 1866 jeshi la Prussia na la Austria walipigana hapa, mitaani kabisa mpaka kwenye daraja la Labe, na siku chache baadaye, tarehe 3 Julai, ndo ikaja ile vita kubwa karibu na Hradec Králové iliyoamua nani atakuwa kiongozi wa nchi za Kijerumani. Tena karne hiyo hiyo ya 19 viwanda vya nguo vikafumuka pembezoni mwa mto, kufuma, kupaka rangi, kuchapa vitambaa, mpaka mji mzima ukawa unaishi kwa kengele ya kiwanda. Kampuni ya Juta, iliyochukua jina kwenye nyuzi za magunia, bado makao yake makuu yako hapa, ingawa siku hizi inatengeneza zaidi vitu vya plastiki vya ujenzi na kilimo. Viwanda vingine vingi vilishakufa, utaona majengo marefu ya matofali yenye madirisha mengi yamekaa kimya.

Baadhi ya wenye viwanda walikuwa Wayahudi, na jamii yao ilikuwa na sinagogi hapa. Wanazi wakawakusanya na kuwapeleka makambini, wengi hawakurudi, na sinagogi lenyewe baadaye likabomolewa. Mchongaji Otto Gutfreund alizaliwa humu mwaka 1889 kwenye familia ya Kiyahudi, alikwenda kusoma Paris, na ni mmoja wa wachongaji wa kwanza duniani kuchonga kwa mtindo wa kyubizimu, ule wa pembepembe. Alizama kwenye mto Vltava kule Praha mwaka 1927 akiwa na miaka 37 tu. Mnaosoma sanaa mshikeni huyo jamaa, ni mkubwa.

Nikifika mjini kati nianzie wapi?

Anzia uwanja mkuu, unaitwa kwa jina la Masaryk, rais wa kwanza wa Chekoslovakia. Pembeni kuna nyumba zenye vibaraza vya matao, mvua ikinyesha unazunguka bila kulowa. Kuna radnice ya zamani, yaani jengo la halmashauri la enzi za Renesansi, kuna nguzo ya Bikira Maria, na kuna chemchemi yenye sanamu ya Záboj. Huyo Záboj mkumbuke jina, narudi kwake kwenye swali linalofuata.

Kutoka hapo tembea hadi kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, la Kigothi, la mawe, lenye mnara unaoonekana toka mbali. Alafu tafuta Šindelářská věž, mnara wa mwisho uliobaki kwenye ukuta uliokuwa unazunguka mji. Makumbusho ya mji yako kwenye jengo la zamani linaitwa Kohoutův dvůr, ni madogo lakini yamepangwa vizuri, mambo ya nguo, mapambo ya kioo na hiyo hati ninayotaka kuwaeleza. Mwisho pitia Hankův dům, jumba la maonyesho la miaka ya 1920 ambalo mpaka leo linapiga tamthilia na dansi.

Ni kweli mji ulipata umaarufu kwa hati feki?

Kweli kabisa, na hii stori ni tamu kaeni mkao wa kusikiliza.

Mwaka 1817, mwezi Septemba, kijana msomi anaitwa Václav Hanka alikuja hapa, akaingizwa kwenye chumba cha chini ya mnara wa kanisa, kati ya mishale ya zamani akatoka na vikaratasi vya ngozi, vidogo, vimeandikwa kwa herufi za kale. Ndani mna mashairi 14 ya Kicheki, ya vita na ya mapenzi, yanayoonekana ya karne ya 13. Mmoja wa mashujaa ndo huyo Záboj, anapiga kinanda cha nyuzi na kuwaamsha watu wake wapigane na wavamizi.

Sasa fikiria hali ya Wacheki wakati ule. Wako chini ya Austria, ofisini Kijerumani, vyuoni Kijerumani, lugha yao inaonekana ya wakulima na watumishi wa ndani. Ghafla inatokea hati inayosema nyie mlikuwa na washairi wakubwa tangu zamani! Nchi ililipuka kwa furaha. Hati ikatafsiriwa lugha nyingi za Ulaya, wachoraji wakaichora, wachongaji wakaichonga, na ukienda Jumba la Taifa la Maonyesho pale Praha utaona jinsi kizazi kile cha wasanii kilivyojaa hayo mashairi kichwani.

Shida ni kwamba yametungwa. Wasomi wengine walikuwa na wasiwasi tangu mapema, hasa kwa hati ya pili iliyotokea karibu wakati huo huo, ya Zelená Hora, lakini kusema hivyo ilikuwa sawa na kusaliti taifa. Mwaka 1886 mtaalamu wa lugha Jan Gebauer na profesa Tomáš Masaryk, ndiyo huyo huyo aliyekuja kuwa rais, wakatoka hadharani kwenye jarida la *Athenaeum*, wakaonyesha makosa ya sarufi ambayo mtu wa karne ya 13 asingeweza kuyafanya, na mambo ya kihistoria yasiyolingana. Walitukanwa vibaya sana. Masaryk alisimamia hoja kwamba taifa haliwezi kujengwa juu ya uongo, na mimi kwa hilo namheshimu kuliko hata kwa urais wake.

Hanka mwenyewe hakukiri mpaka anakufa. Na Dvůr Králové haujamkana, jumba lina jina lake, Záboj bado amesimama uwanjani. Naona ni sawa tu. Mashairi yale, hata kama ni ya 1817, yaliwapa watu moyo wa kuandika kwa lugha yao, na ukiyasoma ni mazuri kweli.

Haya, tuje kwa faru. Wale wa hifadhi ya Ol Pejeta, kule Laikipia Kenya, walitoka huko kweli?

Ndiyo, na nashangaa wengi wanajua habari za faru Sudan lakini hawajui aliishi wapi miaka 34 ya maisha yake.

Zoo ya hapa ilianza mwaka 1946 kwenye bustani ya jumba la tajiri mmoja wa viwanda, zoo ndogo tu ya mji mdogo. Mwaka 1965 akaja mkurugenzi Josef Vágner, mtaalamu wa misitu, mtu mwenye ndoto kubwa kuliko bajeti. Akaamua zoo yake iwe ya wanyama wa Afrika. Akafunga safari baada ya safari, Kenya, Uganda, Sudan, akarudi na mamia kwa mamia ya wanyama: twiga, pundamilia, nyati, swala wa kila aina. Mwaka 1975 kule Shambe, ambako sasa ni Sudan Kusini, wakakamatwa faru weupe wa kaskazini 6, madume 2 na majike 4. Sudan alikuwa mmoja wao, mtoto wa kama miaka miwili.

Wakati ule hakuna aliyejua, lakini kitendo kile ndo kimefanya aina hiyo isifutike mapema zaidi. Porini majangili waliwamaliza: Uganda wakaisha, Sudan wakaisha, wa mwisho mwisho walibaki hifadhi ya Garamba huko Kongo, na kufika mwishoni mwa miaka ya 2000 hata wale hawakuonekana tena. Dvůr Králové ikawa sehemu pekee duniani ambako walizaana wakiwa wamefungwa. Suni alizaliwa hapa 1980, Najin 1989, na binti yake Najin, Fatu, mwezi Juni 2000. Baada ya Fatu hakuzaliwa mwingine.

Ndo wakaamua kuwarudisha. Desemba 2009, Ulaya iko kwenye barafu, faru wanne, Sudan, Suni, Najin na Fatu, wakapakiwa kwenye makreti, wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, kisha kwa lori hadi Laikipia. Matumaini yalikuwa kwamba jua, majani na nafasi vitawafanya wazae. Suni akampanda Najin, watu wakasubiri, hakuna mimba. Suni alikufa Oktoba 2014. Sudan, dume wa mwisho duniani, walimlaza kwa dawa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45, mgonjwa, miguu haimbebi tena. Wamebaki mama na binti, Najin na Fatu, na askari wanaowalinda usiku na mchana.

Kwa hiyo wamekwisha, si ndiyo?

Hapana, subiri kwanza. Tangu 2019 kuna mradi unaitwa BioRescue, Wajerumani, Wacheki, Wakenya na Waitaliano kwa pamoja. Wanachukua mayai ya Fatu, yanapelekwa maabara Italia, yanarutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, zilizogandishwa kwenye naitrojeni, na viinitete vinahifadhiwa humo humo. Najin walimpumzisha mwaka 2021 kwa sababu ya umri na afya. Januari 2024 wakatangaza kwamba wameweza kwa mara ya kwanza kumpandikizia faru kiinitete na mimba ikashika, kwa majaribio walitumia cha faru mweupe wa kusini. Yule mama alikufa kwa maambukizi ya bakteria ambayo hayahusiani na mimba, lakini njia imeonekana inafanya kazi. Mtaalamu akikwambia imeshindikana mwambie akasome tena.

Na sisi Watanzania tumepata nini?

Faru weusi. Watu wa Dvůr Králové ni mabingwa wa kuzalisha faru weusi wa Afrika Mashariki, na mwaka 2009 huo huo walileta watatu Mkomazi, kule mpakani kati ya Kilimanjaro na Tanga: Deborah, Jamie na Jabu. Mwaka 2016 akaja mwingine jike, Eliška. Mpare wa Same anayepita barabara ya kwenda Moshi, kule nyuma ya milima yake kuna faru mwenye jina la Kicheki.

Rwanda nao, Juni 2019, walipokea faru weusi watano kwenye hifadhi ya Akagera. Walitoka zoo za nchi tatu za Ulaya, wakakusanywa kwanza Dvůr Králové wazoeane, ndipo wakapandishwa ndege ya Kigali.

Ni kweli walichoma pembe za faru?

Kweli, Septemba 2014, hadharani, na mwaka 2017 wakarudia. Ni zile pembe zilizokuwa stoo. Sababu ni ileile iliyomfanya Moi achome pembe za ndovu pale Nairobi mwaka 1989: ukiziweka zinatamanisha, ukizichoma unasema hii si mali. Mwaka 2017 pia majangili waliingia zoo moja Ufaransa, wakamuua faru wakakata pembe, na baada ya hapo Dvůr Králové wakaamua kupunguza pembe za faru wao wenyewe kwa usalama. Kwa hiyo ukimuona faru ana pembe fupi usidhani ni mgonjwa.

Kuna mtu aliniambia waliua twiga wote. Ni stori za mtaani?

Si stori. Usiku wa tarehe 30 Aprili 1975 walipigwa risasi twiga 49, kundi ambalo wakati ule lilikuwa kubwa kuliko lingine lolote kwenye zoo yoyote duniani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ugonjwa wa miguu na midomo, serikali iliogopa usiingie kwa ng'ombe. Amri ilitoka juu, watunzaji waliowalea wale twiga hawakuwa na la kusema, na ilikuwa enzi ya ukomunisti kwa hiyo wananchi hawakuambiwa. Wengi wa majike walikuwa na mimba. Nawaza sana mtu aliyekuwa anawalisha asubuhi yake. Zoo ilianza upya na leo twiga wapo wengi, ila wenyeji wazee ukiwagusia hiyo habari wananyamaza kidogo kwanza.

Wewe Mwafrika unaenda kuangalia wanyama wa Afrika Ulaya, hujisikii vibaya?

Nimeulizwa hili na Wazungu na pia na watu wetu, nalijibu kwa uzito wake. Mara ya kwanza kuona pundamilia na swala wanakula majani ya kijani kibichi na nyuma yao kuna misonobari, moyo unashtuka. Na ni kweli walichukuliwa kwa mamia, kwa wakati ambao nchi zetu zilikuwa changa na sheria zilikuwa nyepesi. Hilo lisifichwe.

Lakini kati ya zoo nyingi zilizochukua, hii ni mojawapo ya chache zilizorudisha, tena zilirudisha wale wa thamani kabisa. Mtanzania akisimama mbele ya boma la faru weusi pale hasimami kama mtalii tu, ndugu zao wako Mkomazi. Mimi nikienda na wageni kutoka nyumbani nawaambia hivyo kabla hatujakata tiketi. Ninachotamani ni kwamba vibao vyao viwe na Kiswahili pia, majina ya wanyama angalau.

Safari yenyewe ikoje?

Kuna sehemu ya kutembea kwa miguu, na kuna sehemu ya safari, ilianza mwaka 1989, unapita na gari lako mwenyewe au basi lao katikati ya wanyama. Simba wana sehemu yao, madirisha yafungwe, sio mchezo. Ndani ya zoo kuna pia picha za Zdeněk Burian, yule mchoraji wa dainosaria na watu wa kale, nyie mliosoma vitabu vya historia vyenye picha za binadamu wa mapangoni pengine mmeshaona kazi zake bila kujua ni Mcheki. Njoo miezi ya joto, wakati wa baridi wanyama wengi wako ndani ya mabanda na safari ya gari husimama.

Mapambo ya Krismasi ya kioo yanatengenezwa kwa mkono kweli?

Kwa mkono na kwa mdomo. Kiwanda kiko hapo mjini, kinapokea wageni. Mama mmoja anakaa mbele ya moto wa gesi, ana mrija wa kioo mkononi, anauzungusha kwenye moto mpaka unalegea na kuwa wa rangi ya chungwa, alafu anapuliza, pumzi moja, na mpira unatokea, duara kamili. Hana kipimo, anapima kwa jicho. Chumba cha pili wanamimina dawa yenye fedha ndani ya mpira, wanautikisa kwenye maji ya moto na sekunde chache tu kioo kinageuka kuwa kama kioo cha kujitazamia. Chumba cha tatu akina mama wanachora kwa brashi nyembamba, theluji, nyota, vinyumba. Mwisho wanakata kile kikonyo. Nunua ila funga vizuri kwenye begi, vinapasuka kama yai.

Lile jengo kama ngome juu ya maji ni nini?

Ni bwawa! Linaitwa Les Království, liko kilomita chache juu ya mji. Mwaka 1897 mwezi Julai mafuriko ya Labe yaliharibu vibaya bonde lote, ndo wakaamua kujenga. Kazi ilianza 1910, vita kuu ikaingilia katikati, wakamaliza 1919. Ukuta una urefu wa kwenda juu mita 41, umepinda kidogo, wa mawe ya hapo hapo. Wangeweza kumwaga zege wakaondoka, lakini watu wa enzi ile waliweka minara miwili yenye paa za kuchongoka na malango ya matao, na barabara inapita juu kabisa, gari kwa zamu. Chini kuna kituo kidogo cha umeme mpaka leo. Enda jioni, simama katikati ya ukuta, upande mmoja msitu unaingia majini, upande mwingine maji yanadondoka chini huko. Kwangu ndo sehemu nzuri kuliko zote, naiweka juu ya zoo.

Kuks ni sehemu ya mji?

Hapana, ni kijiji jirani, chini kidogo kufuata mto, lakini ukija Dvůr Králové bila kufika Kuks umejinyima. Tajiri mmoja, mkabaila František Antonín Špork, alijenga hapo sehemu ya kuoga maji ya tiba mwishoni mwa karne ya 17, na ng'ambo ya mto hospitali ya wazee na askari waliostaafu. Mwaka 1740 mafuriko yalifagia nyumba za kuogea, hospitali kwa kuwa iko juu ikasalimika.

Mbele ya hospitali kuna sanamu za Matyáš Bernard Braun, Fadhila 12 upande mmoja na Maovu 12 upande wa pili. Imani, Tumaini, Subira huku; Uchoyo, Wivu, Uvivu, Ulafi kule. Wageni wote niliowapeleka wanatumia muda mrefu zaidi kwenye Maovu, wanatafuta sura za watu wanaowafahamu, na Umbea huwa unapata mashabiki wengi. Zilizo nje ni nakala, za asili ziko ndani zisiliwe na mvua. Ndani pia kuna duka la dawa la enzi za Baroko, mitungi na droo zake zote, linalosimamiwa pamoja na makumbusho ya famasia ya kitivo cha Chuo Kikuu cha Charles kilichoko Hradec Králové.

Ukiwa na nguvu ingia msituni hadi Betlém, Braun alichonga hapo sanamu kwenye miamba yenyewe, miamba haikuhamishwa. Kuna mtawa Garino anatoka pangoni akitambaa kwa mikono na magoti, anakutazama kwa hofu, na kuna Onufrio, mtawa wa jangwa la Misri. Jiwe ni la mchanga, linaliwa na mvua na ukungu wa kuvu kila mwaka. Tafadhali msipande juu yake kupiga picha. Naomba.

Mwanangu, huko baridi unaivumiliaje?

Shangazi, shikamoo. Januari inashuka chini ya sifuri siku nyingi, theluji inakuwepo, nguo ni koti zito, kofia, soksi mbili na chai. Ukija njoo Juni, nitakupeleka kote kwa kanga yako.

Visa, hela, usafiri?

Visa ni ya Schengen. Hela ni koruna, sio yuro, ingawa kadi inapita karibu kila mahali. Kutoka Praha panda treni hadi Hradec Králové, kama saa moja na nusu hadi mbili, kisha treni nyingine kupitia Jaroměř. Stesheni ya Dvůr Králové iko nje ya mji, usipange kutembea na mabegi, angalia muda wa basi mapema. Kutoka Hradec kuna mabasi ya moja kwa moja, mimi hupendelea hayo.

Chakula je, kuna halali?

Mji mdogo, usitegemee. Vyakula vyao ni nyama ya nguruwe, kabichi na maandazi ya kuchemshwa wanayoita knedlíky. Asiyekula nguruwe aombe samaki aina ya trauti au jibini ya kukaanga na viazi, zipo karibu kila mgahawa. Kwa nyama ya halali nunua Praha kabla hujaja.

Siku moja inatosha?

Kwa zoo peke yake siku moja inaisha yote. Nawashauri siku mbili: ya kwanza zoo tangu asubuhi inapofunguliwa, jioni bwawa. Usingizi ulale mjini, sio Praha. Ya pili asubuhi uwanja mkuu, kanisa, mnara na makumbusho, alafu basi la Kuks, Betlém kwa miguu, na ukimaliza kule teremka stesheni ndogo ya Kuks, treni ya kurudi Hradec inasimama hapo. Kwenye makumbusho mwambie mhudumu unataka kuona sehemu ya hati, anakuonyesha ilipo.